Bouton ya ventilateur ilikufa, na kanzu za komunio zikiwa na maji

Wakuu, bandugu wa humu, jambo kwenu.

Wewe unasomaka maneno yangu kila mara, nakuhesabu sawa rafiki wa nyumba, njo maana nakuambia yote. Mungu ananiona, sitaongeza chumvi. Nikiongeza, jirani yangu Baba Saidi iko humu pia, atanikamata tu.

Najua mutacheka. Ventilateur, ile feni ya upepo, mu Butembo? Na baridi hii?

Mucheke. Bwana yangu alifanyaka kazi Beni, kule joto inachoma. Alipojenga hapa Vulamba akasema nyumba bila ventilateur haiko nyumba. Akafunga moja juu mu plafond, dari ya salon, na bouton yake ku ukuta, ile ya kuzungusha, moja mpaka tano. Batu walikuwa wanakuja kuiangalia na makoti mu mwili!

Mi niliitafutia kazi: kukausha nguo. Huku mvua ikikaza, shati inakaa ku kamba mpaka inanuka.

Donc, ile mwaka vita ilikimbiza batu wa Mabalako. Mudogo wangu Kavira akafika kwetu na batoto wake, miguu imevimba, na sufuria moja ku kichwa.

Batoto wake na benzao walikuwa wamemaliza mafundisho ya komunio ya kwanza kule. Vita ikakata. Padri wa huku akasema: watapokea hapa hapa, siku ya Mungu, jumapili. Kavira alilia na furaha. Kila kitu walikiacha, mais lakini hii moja hawataikosa.

Padri akanipa kanzu nyeupe za paroisse. Zilikaa sana mu malle, sanduku ya bati, zinanuka panya. Nikazifua zote siku ya ijumaa.

Mvua ikaanguka ijumaa yote. Siku ya posho, njo jumamosi, asubui, kanzu bado zinatonya maji, na komunio ni kesho.

Nikafunga makamba mu salon, kanzu zikajaa sawa chorale. Nikazungusha bouton. Moja, kimya. Tatu, kimya. Tano, kimya. Nikakaribisha pua: inanuka sawa mufuko ya plastiki mu moto.

Bwana yangu ku kiti: "Ni courant ya huku. Haina nguvu."

"Haina nguvu na taa inawaka?"

Akageuza kiti. (Mi nilisoma masomo ya mangaribi tu, kushona na kusoma, mais taa naionaka.)

Pale pale Baba Saidi akaingia. Ni Muislamu, anapakizaka maharagi ya Kalunguta mu camion yake. Simu mu mukono, uso umekunjamana.

"Mama Masika, prise yenu ni mwizi! Simu nimeiacha tangu jana, haijapata hata kidogo."

"Prise gani?"

"Ile ya chini ya bouton. Ile avenue yote tunachajia."

Nikaangalia prise. Nikaangalia bouton. Prise ya chumba inafanya kazi. Taa inawaka. Hivi viwili tu vimekufa, na vimekufa pamoja.

Baba Saidi akakuna ndevu. "Mu camion yangu, taa na klaksoni vikifa pamoja, natafuta pale vilipoachana njia."

Tukakata disjoncteur kwanza, ile swichi kubwa ya nyumba. Hiyo hapana sahau! Akapima na tournevis testeur, ile bisibisi ya kuonyesha umeme, hakuna courant. Tukafungua vis, tukavuta bouton inje.

Ndani ni mweusi, imeyeyuka. Na fil, nyaya za ile prise, bwana yangu alizifunga nyuma ya bouton, ku fil ile ile inapanda ku ventilateur.

"Baba, weye ulinywesha simu za avenue yote ku régulateur, hii bouton ya mbio?" nikamuuliza bwana yangu.

"Ilikuwa karibu," bwana yangu akasema, macho ku plafond.

Baba Saidi akainama karibu. "Mais simu ni kidogo. Hapa kuna kitu ilikunywa sana."

Njo nikasikia mutu analia ku mulango. Kavira.

"Yaya, ni mimi. Nilichomeka bouilloire, ile birika ya courant, maji ya kuogesha mutoto. Ikatoa moshi. Niliogopa kusema. Nikawaza mutatuambia turudi."

Turudi wapi, bandugu? Kule kulikuwa masasi.

Kisha bwana yangu akaanza kucheka, tumbo yote inatikisika.

"Kavira! Bouton iko inauzwa ku soko. Weye unauzwa wapi? Na ile prise ya kijinga nilifunga mimi."

Tukatoa bouton kabisa. Fil zake mbili tukaziunga mu domino, ile kiunganishi kadogo ya plastiki, scotch ya kufunika juu, prise tukaikata. Sasa ventilateur haina bouton. Ukirudisha disjoncteur, inaanza yenyewe, mbio yake yote.

Nikafanya alama ya musalaba. Bwana akapandisha disjoncteur.

Yesu wangu!

Kanzu zikaruka, zikacheza, mikono juu sawa zinaimba. Moja ikachomoka ikamuvalisha Baba Saidi ku kichwa.

"Baba Saidi, kesho unapokea nawe?"

"Kama mutachinja mbuzi, nitasimama inje ya kanisa!"

Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Tangu afike, sikuwa nimesikia kicheko yake. Giza haijaingia, kanzu zote zikakauka.

Siku ya Mungu batoto wa Mabalako wakaingia kanisa weupe kabisa. Nyamuhanga, Mungu wetu, asifiwe. Baba Saidi alisimama inje, na mbuzi akaikula kweli.

Tuliporudi nyumbani, bwana yangu akabeba bouilloire, akaipeleka mu chumba, akamuita mudogo wangu: "Kavira, kuja. Prise ni hii. Hii njo yako."

Fundisho, wakuu: régulateur ni ya ventilateur peke yake, hapana kufungia prise nyuma yake. Vitu viwili vikifa pamoja, tafuta pale vinaunganika. Kata courant mbele ya kugusa. Na mugeni akifika kwako, mwonyeshe pa kuchemushia maji mbele aogope kuuliza.

Kwenu bouton ilileta mambo gani? Mwandike hapa chini. Na kama unajua nyumba moja iliyopokea batu waliokimbia vita, tafazali wapelekee hii habari, wasomeshe na bageni wao.

Wasingya, asante, Mungu awalinde.