Mama Mvua na Gari la Mchangani

Mtaani walimwita Mama Mvua, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Ilitosha kwamba alifanya kazi idara ya hali ya hewa, na kila mwenye nguo za kuanika alimsimamisha njiani. "Mama Mvua, leo nianike?" Naye hakujibu ndiyo wala hapana. Aliuliza, "Umefua nini? Mashuka au mablanketi?" Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa akisema kwamba wenzake walioa wanawake, yeye alioa alama ya kuuliza.

Kazi ya Mama Mvua ilikuwa kupokea namba. Kila asubuhi aliketi mbele ya redio ya mawasiliano, na vituo vya mbali vikamwita kimoja baada ya kingine: joto, unyevu, upepo, mawingu. Vituo vingi vilibadilisha wasomaji kila baada ya mwaka au miwili. Kituo cha kumi na saba, kule ndani kabisa ya jangwa, hakikubadilisha. Kwa miaka ishirini na miwili sauti ilikuwa ile ile, nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa.

"Kumi na saba hapa. Dada Makao, unanipata?"

"Nakupata, kaka. Lete."

Akaleta, akamaliza kwa kusema "Salama," redio ikakohoa, ikanyamaza. Hawakuwahi kuonana; yeye alimjua tu kama dada wa makao makuu ya idara. Mama Mvua alilijua joto la kituo kile kuliko alivyolijua joto la chumba chake cha kulala, lakini hakujua kama pana hata mti mmoja.

Kisha idara ikaleta mashine. Mashine inasoma yenyewe, inatuma yenyewe, haimsalimu mtu. Yule kaka akaambiwa abaki miezi minne aiangalie kama inasema kweli, halafu arudi kwao. Siku hiyo Mama Mvua alifika nyumbani, akaweka mkoba mezani kabla hajavua viatu.

"Baba watoto, nataka kwenda kupaona."

"Kuona wapi?"

"Kumi na saba."

Mwalimu alivua miwani. "Lori la idara halibebi wageni."

"Ndiyo maana nasema twende na gari letu."

Gari lenyewe lilikuwa la familia, viti saba, lililowapeleka watoto watatu shule na kuwarudisha mpaka wote wakaota ndevu au wakaolewa. Lilikuwa na injini nzuri, na lilisukuma magurudumu yote manne, ingawa kwa miaka kumi na minne mlima mkali kuliko yote liliowahi kuupanda ulikuwa ukingo wa saruji mbele ya duka la dawa. Mwalimu aliliosha kila Jumamosi kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na mtu akibamiza mlango alitazamwa kama amempiga mtoto kofi.

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne akasema, "Tumuulize fundi. Akisema haliwezi, tumemaliza."

Fundi wao walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia mahali pa ndiyo, hapana na kwaheri. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga goti, akachungulia chini.

"Jangwa la mawe au la mchanga?"

"Yote mawili," Mama Mvua akasema. "Siku nzima mawe, nusu siku mchanga. Nimeangalia ramani."

"Taratibu," akasema fundi, na safari hiyo ilimaanisha ndiyo. Mwalimu alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kuanzia hapo Mama Mvua akawa anapitia gereji kila atokapo kazini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hakuinama tu: alivaa suruali kuukuu ya mumewe, akashuka ndani ya lile shimo refu ambalo mafundi husimama wakitengeneza magari kwa chini, na kuanza kuuliza. Hiki ni nini? Kikivunjika inakuwaje? Kwa nini springi mpya ni ndefu na ngumu, na kama springi ipo, shokapu ni ya kazi gani?

Taratibu alifuta mikono. "Springi inarusha gari. Shokapu inalikataza lisiendelee kuruka."

"Kama mke na mume," akasema Mwalimu aliyekuwa amesimama juu ya shimo.

"Nani springi?" mkewe akauliza kutoka chini.

Alipima kila kitu. Kabla ya springi mpya, kutoka sakafuni hadi tumbo la injini palikuwa na sentimita kumi na tisa. Baadaye zikawa ishirini na nne. Aliandika. Fundi akafunga bamba la chuma chini ya injini ili jiwe likigonga ligonge chuma, si bakuli la oili. Akachomelea ndoano za kuvutia, mbele mbili na nyuma mbili, zikashika chesisi yenyewe, uti wa mgongo wa gari, na si bampa, maana bampa, alieleza, ni urembo. Akatoa matairi ya lami, akaweka manene yenye meno mapana. Na chujio la hewa akalitengenezea bomba lililopanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa.

"Kule chini vumbi ni zito," alisema. "Juu ni jepesi. Gari livute hewa ya juu."

"Vumbi jepesi kwa kiasi gani?" akauliza Mama Mvua. Taratibu akakiri kwamba hajui, na kwamba katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ya kutoa viti vya nyuma kabisa ili maji na mafuta vipate nafasi, Mwalimu alikataa kuangalia, kisha akaja kuangalia. Chini ya viti walikuta penseli sita, beji ya shule, kiatu kimoja cha mwanasesere na jino la mtoto. Wakakaa kwenye benchi la gereji wakibishana lile jino ni la nani. Wakampigia simu binti yao mkubwa, ambaye alikuwa muuguzi.

"Mama, nyie mna wazimu," binti akasema. Halafu akaongeza: "Litakuwa langu. Nilisema nimelimeza. Mmepanga maji lita ngapi?"

"Themanini."

"Ongezeni ishirini."

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye mto mkavu nje ya mji, asubuhi ya Jumapili. Mwalimu ndiye aliyeshika usukani, kama ilivyokuwa siku zote. Taratibu alimwambia apunguze upepo wa matairi. Mwalimu akasema hajawahi kuendesha gari lenye matairi legevu na hataanza uzeeni. Fundi hakubishana. Aliketi juu ya jiwe, akafungua chupa yake ya chai. Gari liliingia mchangani kwa kishindo, likaenda kama hatua arobaini, likapungua mwendo. Mwalimu akakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba, na gari likajilaza tumboni kama ng'ombe aliyechoka.

"Fundi, mbona husemi kitu?" Mama Mvua akauliza.

"Namsubiri aulize."

Ilichukua dakika kumi na koleo. Hatimaye Mwalimu aliuliza. Wakapunguza upepo kutoka paundi thelathini na tano hadi kumi na nane, na Mama Mvua akalala kifudifudi kando ya gurudumu na futi yake ya kupimia. Alidhani tairi litapanuka kwenda kando. Halikupanuka sana. Lilirefuka. Alama yake mchangani, iliyokuwa na urefu wa shubiri moja, ikakaribia shubiri mbili.

"Linatembea kwa unyayo mzima sasa," akasema, akiwa bado amelala. "Mwanzo lilikuwa linatembea kwa visigino."

"Jaribu wewe, mama," fundi akasema. "Mguu wako ni mwepesi."

Leseni alikuwa nayo kwa miaka thelathini. Usukani ndio aliokuwa akiuona kwa nadra. Aliwasha gari, akaondoka polepole bila kukanyaga wala kusita, na gari likatoka kwenye lile shimo kama kijiko kinavyotoka kwenye uji. Akaenda mpaka kwenye ukingo wa mbali, akageuza, akarudi. Mwalimu alikuwa amesimama na koleo mkononi.

"Haya," alisema. "Lami ni yangu, mchanga ni wako."

Taratibu alikataa kuwaacha waende peke yao. Gari moja jangwani, alisema, ni nusu gari. Alichukua pikapu yake kuukuu akawafuata, na Mama Mvua akashuku kwamba naye alitaka kuona kazi yake ikitumika mahali palipo na haja nayo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mawe. Bamba la chini liligonga mara tatu, na kila mara Mwalimu alifumba macho. Walilala kwenye mahema, wakaamka mapema. Njia ilionyeshwa na mapipa yaliyopakwa chokaa, moja kila baada ya mwendo mrefu, na kati ya pipa na pipa hapakuwa na kitu ila uwanda mwekundu na upepo. Mama Mvua aliusikiliza. Alikuwa ameuandika maelfu ya mara, kaskazini mashariki, na hakujua kwamba unanukia kama chuma kilichopashwa moto.

Mchangani alishika usukani. Walipunguza upepo wa matairi mpaka kumi na nane. Kwenye tuta la tatu Mwalimu akaomba waushushe zaidi, hadi kumi, ili wapite kirahisi. Sasa alikuwa muumini, na muumini mpya huzidisha. Kwenye kona ya kwanza tairi la mbele likachomoka kwenye rimu. Wakaweka ubao chini ya jeki isizame, wakainua gari, wakasafisha mchanga, na pampu ya umeme ikalijaza tairi mpaka likarudi mahali pake kwa mlio kama wa bunduki. Saa nzima ilipotea. Mwalimu hakusema tena habari za kumi.

Waliona mlingoti kwanza, halafu nyumba ya chumba kimoja, halafu kile kisanduku cheupe chenye miguu minne kinachotunza vipimajoto. Mti haukuwepo. Mtu alikuwa amesimama mlangoni, mfupi, mwembamba, shati limemzidi mabega. Mama Mvua alimtazama, akatafuta nyuma yake mwenye ile sauti.

"Dada Makao," akasema yule mtu mdogo, na sauti ikatoka kwenye pipa.

Mama Mvua alikuwa amemwambia redioni kwamba wanakuja, naye alikuwa amepika chai tangu alipoliona vumbi lao. Waliketi kivulini mwa nyumba, na kwa muda wale wawili walikuwa na haya, kwa maana walizoea kuongea bila nyuso. Kisha mwenyeji akaweka kikombe chini.

"Nikuulize. Zile namba, mlikuwa mkizifanyia nini?"

Mama Mvua hakutaka kumdanganya. "Marubani walizitumia. Na mara mbili ulituonya kuhusu dhoruba ya vumbi, ndege zikabaki chini. Lakini siku nyingi, kaka, niliziandika tu kitabuni."

Mwenyeji alicheka mpaka akakohoa. "Nilifikiri hivyo. Lakini zilikuwa sahihi?"

"Sahihi. Isipokuwa siku za Jumatano upepo ulikuja kwa tano tano. Kumi, kumi na tano, ishirini. Kwa nini?"

"Mliona?" Aligeukia jangwa kidogo. "Jumatano nilifuata maji kisimani. Alisoma marehemu mke wangu, akaniandikia, nami nikirudi nilikutumia. Macho yake hayakuona vile vistari vidogo vya kipimo, naye hakutaka nijue. Nikajifanya sijui."

Mwalimu, ambaye maishani mwake alikuwa amekata maksi nyingi kwa ajili ya makadirio, alitazama kikombe chake.

Asubuhi walipofunga mizigo, yule kaka alilizunguka gari, akagusa bomba, akainama kutazama springi. Akasema ana ombi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekuja na kutoka nyuma ya lori, chini ya turubai, pamoja na magunia. Njia hii hajawahi kuiona kwa mbele.

Mwalimu alikuwa tayari amehamia kiti cha kati. Mama Mvua akapima upepo wa matairi kwa geji, akawasha gari. Walienda mpaka pipa la nne, pikapu ya Taratibu ikiwafuata ili imrudishe mwenyeji kituoni. Alikaa mikono juu ya magoti, shingo mbele, mpaka walipopita ubavuni mwa kilima kikubwa cha mwamba wa zambarau.

"Hiki kilima," akauliza, "kimekuwa hapa siku zote?"

"Sijui, kaka," akasema Mama Mvua. "Nisimame tukiangalie?"

"Simama," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.