Jupe ya Mdogo Wangu na Kilio cha Baba

Mwezi mmoja kabla ya siku ya kumaliza kilio cha baba, mdogo wangu alitoa wimbo. Anaimba huko Beni, anakaa mtaa wa Bungulu, na watu walikuwa wamemsema vya kutosha: nywele nyekundu, jupe, sketi inayoishia mbali juu ya goti, kiuno kwenye video. Wakatoliki walimhubiria, Waprotestanti nao wakamhubiria; nadhani ndilo jambo pekee walilokubaliana. Yeye hakumjibu mtu. Aliwajibu wote kwa mpigo.

"Banasema nywele zangu ni moto," aliimba, "mais njo bao banakuya kuota."

Lakini wao ndio wanaokuja kuuota: hapo hata mimi nilicheka. Kisha ukaja ubeti wa pili:

"Yaya anasema njo nilimuua papa. Papa aliuawa na sukari, hapana jupe yangu."

Yaya, yaani dada mkubwa, ni mimi. Wiki ya mazishi nilimtumia ujumbe wa sauti, nikamwambia baba amekufa kwa aibu ya jupe yake. Nilikuwa nimelia siku tatu, natafuta mtu wa kumbebesha kifo kile, nikampata yeye.

Kwetu Butembo watu waliupenda ubeti huo kuliko beti zote. Asubuhi moja nilipanda pikipiki kutoka Kimemi kwenda sokoni, kikapu cha maharagwe mapajani, na dereva alikuwa amefunga spika kwenye usukani.

"Mama, unajua hii wimbo?"

"Kidogo."

"Huyu yaya yake, siku nitamubeba, nitamuacha mu matope katikati ya mulima."

"Labda alikuwa na uchungu."

"Uchungu gani? Ile njo wivu ya magoti!"

Nilimwomba anishushe. Soko lilikuwa bado mbali.

Niliporudi nyumbani jioni, mama alikuwa anakata vitenge mezani. Kwetu, siku ya kumaliza kilio wanawake wote wa familia wanavaa kitenge cha aina moja. Asiyepewa kipande, watu wanaelewa bila kuelezwa kwamba hahesabiwi tena kuwa mtoto wa pale. Nilihesabu vipande. Kimoja kilipungua.

"Mama, cha mudogo wangu kiko wapi?"

"Hapana cha kwake. Jupe namuachia, iko yake na Mungu. Mais kumusingizia yaya yake mbele ya inchi yote! Wewe, mutu wa kunyamaza vile, unaweza kusema maneno kama ile?"

Mkasi ulikuwa wazi mkononi mwake. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua vizuri, na mara hii kungenipa hata sifa.

"Nilisema, mama. Ni maneno yangu. Hakuongeza hata moja."

Aliweka mkasi chini, akakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Donc kumbe mutu mwenye batu yote banamutukana ku pikipiki, njo wewe?"

"Njo mimi."

"Na mimi nilikuwa naimba nabo ile wimbo!"

Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Kisha akavuta kitambaa, akakata kipande sawa na vingine.

"Utapeleka wewe mwenyewe. Umuambie, akishona jupe, ku misa afunge kitenge ingine juu. Misa ikiisha, Mungu atafunga macho."

Njiani kwenda Beni nilipanga maneno mengi mazuri. Mdogo wangu alipofungua mlango, yote yalikuwa yamenitoka.

"Nilikosa," nikasema. "Ni sukari njo ilimuua."

Aliangalia kitenge mikononi mwangu, akakipokea.

"Unataka nitoshe ule ubeti mu wimbo?"

"Uache. Ni ya kweli."

"Mais yaya, batu banakutukana."

"Banatukana muzuri."

Akanipiga begani na kile kitenge, akaanza kulia, kisha akanivuta kwa mshonaji wa jirani kama tulivyokuwa tukivutana utotoni. Mshonaji alimzungushia mita kiunoni, akaishusha, akauliza jupe ifike wapi. Mdogo wangu alinigeukia mimi.

"Yaya, ifike wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa refu, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikalimeza.

"Muulize mwenye miguu," nikamwambia mshonaji.

Aliishona ikaishia juu ya goti. Kusema kweli, mpaka leo naiona fupi.