Bi-hong na Chupa za Lan

Bi-hong alikuwa mwoga, na sisi wenzake wa maabara ya maua pale Houbi, Taiwani, tulimcheka. Daktari Yen, mkuu wetu, akimuuliza jambo, alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Nilipomtania alinijibu, "Cheka tu, A-lian. Kwa mwoga huenda kicheko."

Lakini mikono yake! Alikata vichipukizi vya maua ya okidi vidogo kama punje za mtama, na uchafu haukuvigusa. Ni yeye aliyelea miche tuliyoitia jeni ya ua la buluu, maana okidi zetu hazina buluu yao wenyewe. Jeni hiyo tuliijaribu kwanza kwenye tumbaku, mmea usio na maringo. Tumbaku ilikaa katika chupa za vifuniko vya buluu, okidi katika vifuniko vyeupe, rafu moja. Jasho letu sote la miaka lilikuwa ndani ya zile chupa nyeupe, na miche mingine ya akiba hatukuwa nayo.

Kazini tulitumia Kimandarini. Bi-hong alikulia shambani, na lugha ya kwao ni Kitaiwani. Shuleni walimchapa kwa kukisema, na ukubwani Daktari Yen alipenda kuiga lafudhi yake mbele ya wageni. Basi alijifunza kutouliza.

Asubuhi ile Daktari alikuwa garini na Mzee Teng, mwenye kampuni. Akapiga simu, sauti ya chini kama ya mwizi. Bi-hong akaiweka kwenye spika.

"Chupa za lan zote, zipike sasa hivi."

"Za... lan?"

"Za lan! Hujui lan wewe? Siwezi kusema zaidi." Akakata.

Sasa, kwa Kimandarini buluu ni lan, na okidi ni lan, sauti ileile kabisa. Kwa Kitaiwani hata mtoto hawezi kuyachanganya. Nasi tulishasikia kwamba kibali cha maua ya jeni kinasuasua, na sheria inataka miche ya namna hiyo ipikwe kwa mvuke kabla ya kutupwa. Bi-hong akanywea.

"Wametunyima kibali," akasema. "Wanataka tuwaue wanangu hawa."

"Si umpigie tena, dada?"

"Aniigize mbele ya Mzee? Hapana. Umesikia mwenyewe kasema lan."

Nami niliamini hivyo hivyo. Tukapanga okidi ndani ya jiko la mvuke, yeye akizinong'onezea, "Msinilaumu, wanangu." Akakaza mlango. Presha ikapanda.

Simu ikalia tena; Daktari alikuwa ameshuka garini peke yake. "Umeshapika ile tumbaku? Jana niliona ukungu kwenye zile za vifuniko vya buluu. Usije ukafika kwenye okidi!"

Bi-hong alirukia mpini wa jiko, nikamkamata kiuno.

"Utaungua uso!"

"Niachie! Bado zinapumua!"

"Mvuke ule utakuua, dada!"

Jiko la presha halibembelezwi. Tulikaa sakafuni tukiutazama mshale wa geji, na mshale ulikataa kushuka. Bi-hong alitaka kwenda chooni na hakuthubutu kuuacha. Mimi nami niliogopa, nisiseme uongo, na hofu ikanifundisha hila.

"Tuseme ukungu uliingia na kwenye okidi. Zimeshapikwa, nani atajua?"

"Nani atajua," akarudia taratibu, na nikaona wazo limemkaa.

Mlango ulipofunguka, miche ilikuwa mchicha uliopitiliza motoni. Daktari Yen akaingia mbio, peke yake.

"Nilisema lan!"

"Nami nikasikia lan, Daktari."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuogopa."

Akachungulia mlangoni. "Mzee yuko nje," akanong'ona. "Hajui habari ya ukungu. Sikutaka asikie garini, ndiyo maana nilisema kwa mkato. Tumwambie nini?"

Mzee Teng akatokea mlangoni, matope ya shamba kwenye buti. "Haya, nionyesheni watoto wangu wa buluu."

Bi-hong akasogea mbele. Akasema kwa Kitaiwani, lugha ya Mzee na ya kwao, "Mzee, nimezipika zote. Ni mimi."

"Zote?"

"Zote. Nilidhani ndiyo amri."

Nilimtazama Daktari Yen. Bi-hong naye alimtazama. Daktari akatazama viatu vyake. Mzee akamwambia Bi-hong avue koti la maabara, kazi imekwisha, na mama wa watu akaanza kufungua vifungo.

Hapo nikasema mimi. Niliisema ile simu, ule ukungu, na ile lan moja iliyobeba maana mbili. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, siijui ilitoka wapi. Mzee akamgeukia Daktari, Daktari akatikisa kichwa kwamba si kweli. Basi, akasema Mzee, mfanyakazi anayemsingizia mkubwa wake naye avue koti.

Tulitoka pamoja hadi kituo cha treni. Bi-hong akanishika mkono kwa nguvu.

"Bado unaogopa, dada?"

"Sana," akasema. "Wewe je?"

"Sana."

Tukakata tiketi.