Jina Lililopotea Chini ya Mfarishi

Jumagul ni jirani yangu, na mtu asijifanye kunieleza habari zake. Anafundisha watoto kupiga komuzi, gambusi letu la nyuzi tatu, kwenye jumba la utamaduni hapa kijijini kwetu At-Bashy, na siku nyingine anarekodi sauti: harusi, wazee wenye visa vyao, na waombolezaji. Hiyo ya mwisho hakuna mwanamume wa kumnyang'anya, kwa sababu kwenye hema la maiti tunakaa wanawake, nyuso ukutani, na mwanamume haingii akakaa katikati yetu na mitambo.

Ana laptopu moja iliyopasuka pembeni, anailea kama mgonjwa. Kabla ya kurekodi huzima mtandao, hufunga kila kitu kisichohusika, huichomekea chaja, halafu huipandisha juu ya matofali mawili ipate hewa. Nimemcheka mara ngapi!

"Shoga, hiyo kompyuta ina pumu?"

"Ina pumu, ndiyo. Na ikibanwa wewe hutasikia kitu. Utakuja kusikia nyumbani, neno limekatika na mwenye neno keshaondoka."

Basi mzee Asankul akafariki, theluji ikiwa bado haijaisha mabondeni. Aliacha mkewe, bibi Sayrakan, wana watatu ambao mkubwa wao ni Turdubek, na binti mmoja, Zuura, aliyeko Urusi. Zuura aliondoka kumfuata mwanamume ambaye baba yake hakutaka hata kumsikia, na tangu siku ile baba na binti hawakuzungumza tena. Msiba ulipotokea hakuweza kuja. Karatasi zake za kukaa kule hazikuwa sawa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi, na ana watoto wadogo. Alimpigia Jumagul akilia: "Dada yangu, nirekodie mama. Nataka kusikia kama atanitaja."

Nani asiyemwelewa? Mjane akimlilia mumewe humtajia watoto mmoja mmoja, kila mtoto na neno lake. Mtoto akirukwa pale, ukoo mzima unajua amekatwa.

Jumagul akajipanga. Simu aliining'iniza kwenye fito za hema, mbele ya uso wa bibi, ichukue picha. Maikrofoni akaiweka karibu na goti lake, na waya ukaenda mpaka kwenye laptopu nyuma yetu, penye rundo la matandiko. Siku zote hupiga kofi moja mbele ya simu, ili baadaye alikutanishe kofi la kwenye picha na kofi la kwenye sauti. Lakini nani apige makofi msibani? Alijikohoza tu, akakaa kando ya bibi, naye akageukia ukuta kama sisi.

Hapo akaingia shangazi Apalkan, dada wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kufunika kila kinachong'aa. Vioo vya nyumbani alishavifunika, televisheni pia. Akaona kile kioo cha kompyuta kinawaka palepale penye maiti, akashtuka, akachukua mfarishi mnene wa pamba akaifunika yote, matofali na kila kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka.

Baada ya maziko Turdubek akamsimamia Jumagul kichwani: haraka, haraka, dada anangoja. Jumagul akasikiliza mwanzo, akasikiliza mwisho, akaitoa sauti ya simu iliyokuwa mbaya, akaweka ya laptopu, akatuma.

Zuura alipopiga tena hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Mdomo wa mama unasema hiki, sauti inasema kile. Akitoka kwa kaka zangu anarukia mwisho. Mimi niko wapi? Nani kanikata, Jumagul? Turdubek kakwambia unikate?"

Nikamnyang'anya Jumagul simu. "Wewe mtoto, nilikuwepo! Ulitajwa, nimesikia kwa masikio yangu!"

"Ninyi mtasema lolote mnifariji," akajibu, akakata.

Mama yake alipoulizwa alisema tu, "Nikilia sijui ninachosema." Jamani, si angedanganya kidogo! Lakini ndivyo alivyo.

Jumagul alikaa jikoni kwangu, chai ikampolea mbele yake, mpaka shangazi Apalkan mwenyewe akaja kuuliza mfarishi wake, ule aliofunikia kompyuta, ukachukuliwa na matandiko mengine. Ndipo tukajua. Kompyuta ikishikwa na joto hupunguza kasi isiungue, na ikipunguza kasi haiwahi kuandika kila inachosikia. Hudondosha vipande, kisha huunganisha vilivyobaki kana kwamba hakuna kilichopotea. Kwa hiyo sauti inakuwa fupi kuliko picha, na kila kipande kikidondoka, mdomo unaachwa nyuma zaidi.

Turdubek alipoelezwa akasema, "Si jambo dogo hilo? Mwambie mama aliseme jina sasa hivi, ubandike."

Basi tukaenda. Bibi Sayrakan alimsikiliza Jumagul mpaka mwisho, uso ukabadilika. "Unataka nimlilie nani? Nani mwingine amekufa humu? Maombolezo hayafanywi bure, utaniitia maiti wa pili. Toka!" Tulitoka mbio, kusema kweli. Na Turdubek alipomwambia aokote jina hata kwenye mazungumzo ya kawaida ya mama yake, Jumagul alimkatalia waziwazi. "Dada yako anaangalia mdomo. Nikimdanganya hapo, hataamini kitu tena kutoka nyumba hii."

Akaanza upya. Aliifuata sauti kipande kwa kipande. Alitafuta m na b, zile ambazo lazima midomo ifumbe, akaangalia midomo ya bibi inafumba wapi, akaisogeza sauti ikutane nayo. Palipokuwa na tundu aliacha tundu, hakuvuta sauti kuliziba. Kisha akairudia ile sauti ya simu aliyoitupa. Manyoya ya kondoo yaliyofunika hema yalikuwa yakiisugua, mtu unamsikia kama yumo ndani ya gunia, lakini simu haikudondosha kitu. Akapunguza ngurumo, akavitia vipande vyake mle matunduni.

Alinivisha hedifoni bila kusema neno. Nilimsikia bibi anamaliza kwa wanawe, halafu sauti ikafifia, ikawa ya guniani, na midomo yake kwenye picha ikaenda nayo sawasawa: "Asankul wangu, Zuura usimngoje mlangoni. Lala. Nitamngoja mimi."

Nililia pale pale, sina aibu. Jumagul aliituma bila kuandika maelezo yoyote.

Asubuhi Zuura akapiga. Tulikuwa kwa bibi Sayrakan, tunakunywa chai. Uso wa Zuura kwenye kioo cha simu ulikuwa umevimba.

"Nimeuona mdomo," alisema. "Mgeuzeni mama ukutani. Mimi ndiyo kwanza nafika msibani."

Jumagul akaiegemeza simu ukutani. Zuura akaanza kumlilia baba yake, kwa sauti ya kutetemeka, maneno mengine ameyasahau, anayaokota. Nilimtazama bibi kwa hofu. Lakini aliweka ngumi kiunoni kama waombolezaji wanavyokaa, akaigeukia simu, akamwitikia mwanawe mstari kwa mstari. Maiti alikuwa yuleyule, na binti hakuwa amemlilia bado. Maikrofoni ilikuwa mkobani mwa Jumagul na hakuigusa.

Nje Turdubek alikuwa akipasua kuni. Kwetu mfiwa akitoka mbali, ndugu zake wa kiume husimama mlangoni wameegemea fimbo, wanamlilia baba kwa sauti mpaka afike. Shoka likanyamaza. Kisha tukamsikia mlangoni, "Baba yangu wee! Baba yangu!" Nilichungulia dirishani. Alikuwa ameegemea mpini wa shoka, uso ameuelekeza barabarani ambako hakukuwa na mtu, na alilia hivyo mpaka dada yake alipomaliza.