Nilivyomshtaki daktari wa ng'ombe mbele ya chief

Wakuu, nawasalimu wote, wazee kwa vijana.

Mimi hapa huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeamua kuandika, na kila kitu nitasema ilitendeka kwangu, kwa boma yangu, hapa upande wa Gatitu, Nyeri. Umri wangu umepita uongo wa bure.

Mnivumilie kwa uandishi. Shule niliacha class three nikashika nyundo. Nimechonga mawe maisha yangu yote. Hiyo nyundo ilinunua shamba, ikajenga nyumba, ikasomesha watoto wanne mpaka sasa wananirekebisha Kiswahili. Kwa hivyo kama umekuja kuniambia "ng'ombe yangu" si sawa, pita tu, wenzako walikutangulia.

Sasa tuingie kwa ng'ombe.

Niko na mbili za maziwa. Moja inaitwa Njeru, Friesian kubwa, nyeupe kuliko nyeusi, pole kama kanisa siku ya wiki. Hiyo ndiyo imelisha hii nyumba. Ingine ni Gatune, mtamba mwekundu, hiyo haijawahi kuzaa na kichwa yake ni ngumu.

Njeru ilikuwa imezaa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na tangu hiyo siku sijawahi kuiona ikitaka dume. Maziwa ikaanza kupungua pole pole. Ikafika mahali ile inatoa ni ya kuweka kwa chai tu.

Wakati huo county ilikuwa imeleta AI ya bei ya chini kwa wakulima. Wakuu, si ile AI ya kompyuta mnabishana nayo hapa kila siku. Hii ni ya mbegu ya dume. Inakuja kwa mtungi wa baridi, daktari anavaa glavu mpaka kwa bega, anaweka.

Daktari wetu wa ward ni msichana mmoja anaitwa Kendi, mtu wa Meru. Anakuja na pikipiki, gumboot, na huo mtungi umefungwa nyuma. Mara ya kwanza kumwona nilijiambia, huyu atainua mkia wa ng'ombe kweli?

Nilimpigia simu nikiwa site, mashine ya kukata mawe inalia kando yangu. Nikamuuliza, daktari, nitajua aje siku ya kukuita? Akaniambia vile anaambia watu wote. Mimi nikasikia hivi: "Ukiona imepanda, nipigie siku hiyo hiyo."

Sawa. Imepanda. Hiyo ni rahisi hata kwa mtu wa class three.

Gatune ikapanda Njeru. Nikapiga simu, Kendi akakuja, akaweka Gatune mbegu. Ikarudia. Baada ya wiki tatu ikapanda tena, nikamwita, akaweka tena.

Halafu nikapata kazi ya kujenga ukuta Nanyuki, kwa hoteli fulani, nikakaa huko zaidi ya miezi mbili.

Kurudi nyumbani, asubuhi ya kwanza nikiwa na kikombe ya chai kwa mkono, naona nini? Gatune iko juu ya Njeru. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Hapo nilikasirika. Miezi hiyo yote na bado inataka dume? Nikajua mbegu ya county ni takataka.

Na siku hiyo ilikuwa na mambo. Nikiwa Nanyuki nilikuwa nimepatana na broker mmoja wa Kutus akuje saa sita achukue Njeru ya kuchinja. Nilikuwa nimechoka kulisha ng'ombe tasa. Kwa hivyo nikachukua maji na brashi nikaisafisha ionekane vizuri. Ilikuwa na matope juu ya mgongo, karibu na mkia, na manyoya imesuguliwa. Nikajiuliza matope imepanda huko juu aje, nikasugua tu.

Kendi nilikuwa nimempigia simu, akafika mapema. Akavaa glavu, akaingiza mkono kwa Gatune. Akatoa mkono.

"Guka," akaniambia, yaani babu, "hii iko na mimba."

"Mimba ya nani?"

"Ya ile mbegu ya mwisho, kabla uende Nanyuki."

"Daktari, usinichezee. Nimeiona leo na macho yangu ikipanda."

"Hata ikipanda. Siwezi weka mbegu juu ya mimba, nitaitoa." Akaangalia Njeru. "Na hii je? Wacha niiangalie."

"Hiyo wachana nayo. Hiyo ni tasa na inaenda leo."

Akataka kuingia. Nikafunga mlango ya boma. Nikamwambia nyinyi mlisoma ng'ombe kwa kitabu, mimi nimelala nazo zikizaa. Akapanda pikipiki, akaenda.

Wakuu, mimi nikikasirika huwa sikai na hasira nyumbani. Siku hiyo chief alikuwa ameita baraza juu ya chanjo ya ugonjwa wa midomo na kwato. Nikavaa koti, nikaenda. Kendi mwenyewe ndiye alikuwa wa kuongea.

Alipomaliza nikainua mkono. Nikasema mbegu ya serikali imekufa. Nikasema daktari huyu hajui mimba na hajui heat, yaani ng'ombe ikitaka dume, ahamishwe, tuletewe mtu mzima. Watu wengine wakapiga makofi, wale wa kupigia kila kitu makofi.

Chief akamwangalia. Kendi akasimama, hakuinua sauti.

"Guka, kabla wanihamishe, nijibu swali moja tu. Asubuhi ni ng'ombe gani ilipanda, na ni gani ilipandwa?"

"Gatune ilipanda Njeru."

"Na Njeru ilifanya nini?"

"Haikufanya kitu. Ilisimama tu. Hiyo ni ng'ombe pole."

Cucu mmoja, yaani nyanya mzee, aliyekaa mbele, alianza kucheka mpaka leso ikaanguka. "Ati ilisimama tu! Ngai! Huyu mzee amekaa na ng'ombe miaka hii yote kama mpangaji!"

Mwingine, rika yangu kabisa, tulitahiriwa mwaka mmoja, akapiga kelele kutoka nyuma: "Mwambieni aende kwa mawe, mawe haiingii heat!"

Baraza yote ikaanguka. Chief mwenyewe aliinamisha kofia.

Kendi peke yake hakucheka. Akaniambia, "Guka, kwa simu nilikuambia *imepandwa*. Iko na W. Ile inasimama ikubali kupandwa ndiyo iko tayari. Ile inapanda inaweza kuwa nayo iko tayari, kama yako ile mara ya mwisho, inaweza kuwa na mimba, inaweza kuwa ni mchezo tu."

W moja, wakuu. Na sisi watu wa huku hiyo W huwa tunaimeza, hata tukisema hatuisikii.

Nikiwa bado nimesimama hapo kama mlingoti, akauliza, "Hiyo Njeru iko wapi sasa?"

Nikaangalia simu. Saa ilikuwa sita na kitu.

Nikapigia mama watoto, yaani Mama Wambui. Nikamwambia huyo broker asiguse Njeru.

"Ameshaifunga kamba. Si ulisema nisimsumbue?"

"Mwambie angoje!"

"Anasema lori haingoji."

Kendi alikuwa ashawasha pikipiki. "Panda, Guka." Mtungi ulikuwa umekalia kiti ya nyuma, kwa hivyo nikaupakata mimi. Mzee mzima, na koti ya baraza, nimekumbatia mbegu ya dume kupita soko. Wenye walicheka wacha wacheke.

Tulifika tukapata lori limerudi kinyume mpaka kwa mlango ya boma, ubao umewekwa wa kupandisha ng'ombe. Na juu ya ubao amekaa Mama Wambui, amekunja miguu, anachambua maharagwe kwa ungo.

Broker anazunguka na jasho. "Mzee, ongea na bibi yako."

"Nimemwambia kama anataka kupakia, aanze na mimi," Mama Wambui akasema, wala hakuinua macho.

"Mzee, sisi tulipatana!"

"Tulipatana nikiwa mjinga," nikamwambia. "Fungua kamba."

Kendi akaingia kwa Njeru. Akainua mkia, akatuonyesha ute, mrefu, safi kama ile nyeupe ya yai mbichi. Akapima ndani na mkono. Akasema hii haina kasoro yoyote. Imekuwa ikiingia heat kila wiki tatu kama saa ya ukuta, na kila mara mtu anaangalia ng'ombe ingine.

Nikasema basi weka sasa hivi. Akakataa. Akasema imeanza asubuhi, ataweka alasiri, akiharakisha tutapoteza.

Mama Wambui akaweka ungo chini. "Huo ute nilikuambia kwa simu ukiwa Nanyuki. Mara mbili. Ukasema ni homa."

Broker akakunja kamba yake akisema watu wa Nyeri ni maneno mengi, akaenda.

Alasiri Kendi akarudi, akaweka. Baada ya miezi mbili akakuja kupima bila kuitwa. Njeru imeshika.

Sasa kuna jambo lilibaki, na nitawaambia ukweli, nililiogopa. Baraza iliyofuata nilisimama. Nikasema nilimshtaki daktari hapa, na makosa ilikuwa ya masikio yangu na mdomo yangu. Nikamwomba msamaha kwa jina lake, mbele ya hao hao. Nimebeba mawe ya kila aina, hakuna ilikuwa nzito hivyo. Yule cucu wa leso ndiye alianza makofi, na hiyo siku ilikuwa makofi ya kweli.

Gatune ilizaa wiki ile ile Kendi alisema itazaa. Ndama jike, mwekundu kama mamake. Njeru sasa tumeikausha maziwa, tumbo imeshuka, inatembea kama mwenye shamba. Nikiiangalia asubuhi nakumbuka vile ingekuwa nyama kilo kilo huko Kutus, na mimi ningekuwa hapa nawaandikia juu ya serikali mbaya.

Nimejifunza nini?

Hawa watu wa mifugo wa county ni wetu, na wanajua kazi. Shida yao ni kuwa mmoja anazunguka ward nzima na pikipiki moja. Kama kuna mkubwa anasoma hapa, aongeze wengine, na petroli. Hiyo ndiyo malalamiko ya haki. Yangu ya kwanza haikuwa.

Ukiambiwa kitu kwa simu na kuna kelele, rudisha swali. Hakuna aibu. Usioshe ng'ombe kabla daktari aione, hayo matope kwa mgongo yameachwa na miguu ya ile ilipanda, ni barua amewekewa yeye. Na chukua kiti, kaa na ng'ombe zako nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, uangalie ni nani anasimama. Mimi siku hizi nakaa. Jirani yangu alikuja wiki jana kutafuta namba ya broker, ati ng'ombe yake ni tasa. Nikampa kiti.

Tena sikiza mwenye anakamua. Kwangu anakamua Mama Wambui. Yeye aliona yote.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama kuna mtu hapa aliuza ng'ombe nzuri kwa sababu ya ujuaji, aandike tusome. Na wenye mko na swali juu ya heat, ulizeni. Nikishindwa kujibu nitapigia Kendi, na nitahakikisha hakuna mashine inalia.