Vifaranga Tisa na Paka wa Jirani

Mtaa mzima ulio juu ya stesheni haukuwa na mtu aliyejua kulea vifaranga kama Mama Thérèse. Alizaliwa Mpala, akaletwa Kalemie na mume aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mume alipofariki, alibaki na binti mmoja, Denise, na kuku. Kisha Denise akaolewa Bendera, wakabaki kuku.

Watu walimletea vifaranga wanaohara na wenye macho yasiyofumbuka, naye aliwapokea bila kuchoka. Siku za kwanza aliwapa mahindi aliyoyaponda mwenyewe mpaka yakawa laini kama mchanga, pamoja na mchwa aliowachimba kwenye kichuguu. Wiki ya pili aliwaongezea unga wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Maji aliyaweka katika kopo la sardini lenye vijiwe ndani, kifaranga asije akazama. Lakini kilichomfanya ajulikane zaidi kilikuwa mdomo wake. Jirani akipoteza kifaranga, Mama Thérèse hakumpa pole, alimpa somo kwa Kiswahili cha Kalemie, kinachosema 'njo' pale penye 'ndiyo'.

"Ulifunga mulango? Uliondoa chakula chenye kilibakia? Harufu ya ndakala njo inaita wanyama. Kuku hafi bure, mama. Ni mwenyewe njo anamuua."

Mwaka ule wa 1979 Denise alikuwa mjamzito, na mama yake alikuwa akilea vifaranga kumi na wanne ili apeleke kuku Bendera, mzazi apate mchuzi. Kila kifaranga alimfunga uzi mwekundu mguuni, wasichanganyike na wa majirani.

Alasiri moja ya kiangazi aliwawekea sahani ya ndakala ndani ya kibanda, na kabla hawajamaliza, Mama Adrienne wa ng'ambo ya barabara akaita. Dada yake alikuwa ameshuka kutoka kwenye boti ya Moba na habari za ndoa iliyovunjika.

"Kuja usikie, Mama Thérèse! Kuja mbio!"

Mama Thérèse aliusukuma mlango wa kibanda kwa mguu, hakuufunga. Alijiambia anarudi sasa hivi. Habari ilikuwa tamu, ikazaa nyingine, na alipokumbuka kuinuka jua lilikuwa limeshainama.

Alimkuta kuku mama juu ya paa la kibanda, akipiga kelele mpaka sauti imekauka. Mlango ulikuwa wazi. Vifaranga watano walikuwa wamejibana chini ya kuni. Wengine wanne walilala chini, shingo zimeng'atwa, na watano hawakuonekana kabisa.

Alilia kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakitoka bombani wakasimama na ndoo zao kichwani, na mmoja akauliza, wala si kwa ubaya, "Kumbe wewe pia hukufunga?"

Uso ulimwaka. Pale juu ya ua alikuwa amelala paka wa jirani yake, Papa Edmond, akijilamba mguu.

"Nilifunga!" alisema Mama Thérèse. "Ni ule paka njo alisukuma mulango. Nilimuona kwa macho yangu, anatoka na mutoto wa kuku mu kinywa."

Hakuwa ameona kitu. Maneno yalimtoka tu, na yalipotoka yakasimama imara kuliko ukweli.

Papa Edmond alikuwa mzee wa reli aliyestaafu. Kwenye karatasi za serikali jina hilo lilikuwa limefutwa, kama yalivyofutwa majina ya Kizungu ya watu wote miaka ile, akaandikwa Kabulo. Mtaani alibaki Edmond. Mke wake alikuwa amekufa, na hakuwa na mtoto mjini. Paka wake, aliyeitwa Shefu, alimfuata mpaka bombani, na Jumapili alimngoja nje ya kanisa hadi misa iishe. Mzee alitoka aliposikia jina la paka linatajwa, akatazama vifaranga chini.

"Mama, uliona muzuri?"

"Niliona, Papa."

Hakuuliza tena. Kwa mambo ya kuku, nani angebishana na Mama Thérèse? Kesho yake asubuhi alimtia Shefu katika kikapu chenye kifuniko, akatembea naye mpaka ng'ambo ya daraja la mto Lukuga. Adhuhuri alirudi na kikapu kitupu.

Kama angenuna, ingekuwa nafuu. Papa Edmond alikuja na kuku wake wa pekee, mweupe, anayetaga. "Sina kingine cha kukutuliza, mama. Unisamehe." Mama Thérèse alimpokea kwa mikono miwili, maana kumkataa kungetaka maelezo. Kisha mzee akasema mlango ule ni mbovu, akaanza kumtengenezea mwingine wa waya. Alifanya kazi hiyo siku mbili, akipiga misumari polepole, na Mama Thérèse alimpikia bukari, yaani ugali, na samaki. Walikula pamoja barazani. Mzee alipofika kwenye kichwa cha samaki alikiweka kando, kisha akakumbuka, akakirudisha kwenye sahani. Mama Thérèse aliona.

Alijaribu kujitetea moyoni. Huenda ni paka kweli. Nani ajuaye? Ilifika mahali akamwomba Mungu iwe ni paka kweli.

Jumamosi ikaja na salongo. Mtaa wote ulitoka na majembe na mapanga kufyeka majani, kama serikali ilivyoamuru. Mama Thérèse alipewa sehemu ya mfereji nyuma ya kiwanja chake. Alipofyeka kichaka cha mwisho, jembe liligonga ukingo wa shimo. Mlangoni mwa shimo palikuwa na manyoya laini ya manjano na mguu mdogo wenye uzi mwekundu. Ndani, katika giza, pua nyembamba ya nguchiro ilichungulia, ikarudi.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Papa Edmond alikuwa hatua kumi kutoka hapo, ameinama na panga lake. Mama Thérèse akavuta udongo kwa jembe, akaufunika mguu, akauziba mlango wa shimo, akaukanyaga.

"Umeona nyoka, mama?"

"Hapana, Papa. Ni shimo tu."

Uongo wa kwanza ulimtoka kwa ghafla. Huu wa pili alikuwa ameuchagua, na alijua. Jumapili wenzake walipoinuka kwenda kukomunika, yeye alibaki amekaa kwenye benchi. Jumanne alimbeba yule kuku mweupe kwapani, akaenda kwa Papa Edmond, akamkuta akikoka moto.

"Papa, chukua kuku wako. Si Shefu njo alikula vifaranga. Ni nguchiro. Nimeona shimo lake siku ya salongo, nikalifunika usilione."

Mzee alibaki ameshika kijiti mkononi. "Lakini ulisema ulimuona Shefu."

"Sikumuona, Papa. Niliacha mulango wazi, nikaenda kupiga masolo, habari za watu tu, kwa Mama Adrienne. Nilisikia haya ya kusema."

Papa Edmond akakitia kijiti motoni. Alisema, kama anayezungumza na moto, "Alilia njia yote mu kikapu. Nilimuambia, nyamaza wewe, mwizi."

Mama Thérèse alipiga magoti. Mzee hakumwinua.

"Usinililie mimi," alisema. "Uende bombani, useme ukweli vile ulisema uongo siku ile. Mbele ya walewale."

Alikwenda saa ileile. Alisema yote, mlango, masolo, shimo. Baadhi yao walicheka, eti paka tu huyo! Mama Adrienne alitazama chini. Yule aliyeuliza siku ile alisema, "Na sisi ulikuwa unatufundisha," akajitwika ndoo yake akaondoka.

Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, Mama Thérèse alivuka daraja la Lukuga na ndakala katika kitambaa, akiita "Shefu! Shefu!" kati ya nyumba za watu. Walimdhani amerukwa na akili. Jumapili ya tatu mwanamke mmoja aliyeanika samaki alimwambia kwamba paka wa namna hiyo alikaa kwa wavuvi siku chache, kisha mvuvi mmoja akaondoka naye kwa mtumbwi kuelekea kusini.

Njia nzima ya kurudi alijadiliana na nafsi yake. Ingekuwa rahisi kumwambia mzee kwamba paka ni mzima na anapendwa. Alipofika alisema tu alichosikia, neno kwa neno, akaongeza, "Mimi sikumuona, Papa. Sijui kama njo yeye."

"Kusini kuna samaki," alisema Papa Edmond, akaingia ndani.

Denise alijifungua salama mwezi wa tisa, na mama yake alimpelekea kuku wawili. Papa Edmond aliendelea kumsalimu kila asubuhi, kwa heshima, akiwa upande wake wa ua. Mara kadhaa Mama Thérèse alimwita aje kula bukari barazani. Alishukuru kila mara, na kila mara alisema ameshiba.