Chumba Nilichoandika Kuwa Nimekikagua

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Ujenzi wa Wilaya pale Biharamulo hakunipa kiti. Alinipa bisibisi. Akanipeleka nyuma ya ofisi, kwenye banda lililopakwa chokaa likameremeta, akaniambia nichome nguzo moja pale inapoingia ardhini. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Mchwa walikuwa wamekula mti wote wa ndani na kuacha ganda.

"Umeona?" akasema. "Chokaa haishikilii paa. Anayenunua nyumba anatazama mlango na mabati. Wewe unalipwa utazame asichokitazama yeye."

Alikuwa mkali, alinipandisha darini nikiwa na suruali moja tu niliyokuwa nayo, lakini kazi alinifundisha. Timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ilinionyesha ukuta ulioanza kulala. Mtambaa panya, yaani boriti inayokaa juu ya kuta na kubeba kenchi za paa, niliugonga kwa nyundo huku nikisikiliza. Ulioliwa unasikika kama debe lenye pumba.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilihamishiwa Ngara. Watu walihamishwa haraka, na nyumba zikajengwa haraka zaidi, kwa miti mibichi. Ardhi ilikuwa ya kijiji, lakini nyumba mtu aliweza kumuuzia mwenzake, mradi mwenyekiti aone karatasi ya mkaguzi. Mkaguzi ndiye mimi, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Vita vya Kagera vilipoanza, alinifuata Domitila, nesi wa zahanati kule Ntobeye. Mumewe Zakaria, dereva wa lori, alikuwa amekwenda vitani.

"Bwana mkaguzi, Zakaria akirudi nataka akute tuna kwetu," aliniambia. "Nyumba ya Mzee Bakuza nimeipenda, ila macho yangu si ya fundi. Njoo unitazamie."

Tulikwenda pamoja. Sebule ilikuwa safi, paa zima, kuta za nje zimepigwa lipu mpya. Nilipofika chumba cha ndani, mke wa Mzee Bakuza akasimama mlangoni.

"Humo kuna mzazi, baba. Mke wa mwanangu ana siku tatu tu tangu ajifungue. Mwanamume haingii."

Hilo nililiheshimu, na hadi leo naliheshimu. Domitila akasema, "Basi niingie mimi. Wazazi ndio kazi yangu. Nipe hiyo bisibisi, unielekeze pa kuchoma."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Dada, na mimi nije zahanati nichome watu sindano? Kila mtu na kazi yake."

Ningeweza pia kurudi siku za uzazi zikiisha. Sikurudi. Nilizunguka nje, nikagonga lipu mara mbili tatu, nikaandika: vyumba vyote vimekaguliwa, nyumba ni nzima.

Domitila aliinunua, akahamia, akaniletea mkungu wa ndizi kunishukuru. Masika yakaja. Asubuhi moja ya mvua kubwa, ukuta wa chumba kile ulimwangukia akitandika kitanda. Tulipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Nguzo za pembeni zilikuwa maganda matupu. Nilizichoma moja moja mbele ya waombolezaji, sijui nilikuwa natafuta nini.

Zakaria alirudi kutoka vitani akiwa mzima. Alikuja ofisini na karatasi yangu mkononi.

"Umeandika vyote. Na kile chumba uliingia?"

"Sikuingia. Kulikuwa na mzazi."

Akaikunja karatasi. "Kwa mzazi huingii," akasema. "Hata mimi nisingeingia." Akanipa mkono, akaondoka.

Mhandisi wa Mkoa aliniandikia barua ya onyo, kazi nikabaki nayo mpaka nikastaafu. Vijana walionifuata niliwafundisha wasiandike chumba ambacho hawajakiona. Warudi siku nyingine, au wamtume mwanamke, wao wakielekeza kutoka mlangoni. Nawe unayenunua, usikubali mlango mmoja ubaki umefungwa.

Zakaria sasa analima mihogo Nyamahanga. Tukikutana mnadani huniulizia watoto, na huwa nashindwa kumtazama usoni. Miaka yote hii anaamini ni mila iliyonizuia. Sijawahi kumwambia kwamba mkewe aliomba kuingia, nami nikamcheka.